Jibu la mtaalamu: Nitakulaje kwenye sinia moja na watu baada ya kupunguzwa tumbo?

Swali: "Nina miaka 34, mama wa watoto wawili, naishi Tanga. Nina kilo 118 na urefu wa sentimita 160. Kisukari kilinianza miaka mitatu iliyopita. Natumia metformin na glibenclamide. Daktari wa Dar es Salaam amenishauri upasuaji wa kupunguza tumbo, ule wa slivu, na tarehe imewekwa wiki sita zijazo. Mume wangu hakatai, ila yuko kimya. Mama mkwe, tunayeishi naye, anasema nakwenda kutupa tumbo nililopewa na Mungu. Nyumbani tunakula sinia moja. Naomba unieleze nile nini kabla na baada, na nitaishi vipi na watu ambao mapenzi yao yote yako kwenye chakula. Na Ramadhani je?"

Jibu:

Dada yangu, umeandika kama maswali mawili, la chakula na la watu, lakini nyumbani kwako ni jambo moja. Anayekula kwenye sahani yake peke yake anaweza kulizoea tumbo jipya kimyakimya. Kwenye sinia la mume, watoto na mkwe haiwezekani: kila tonge unaloacha linaonekana, na kila unalosukumiwa lina jina la mtu. Kwa hiyo wiki sita ulizonazo si za kungojea tarehe. Ni za kuyamaliza mambo ya sinia, kwa sababu wiki ya kwanza baada ya upasuaji hutakuwa na nguvu ya kubishana na mtu.

Uamuzi wa daktari sitaujadili kwa urefu. Kilo 118 kwa sentimita 160 ni BMI, yaani kipimo cha uzito kwa urefu, ya 46. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2022 unashauri upasuaji kuanzia BMI ya 35 hata kwa asiye na ugonjwa mwingine, na wewe una kisukari juu yake. Jambo moja tu lifikishe kwake mapema: kama unasumbuliwa na kiungulia kikali, mwambie. Slivu huweza kukizidisha, na mwenye tatizo hilo mara nyingi hushauriwa baipasi, upasuaji mwingine unaopitisha chakula moja kwa moja kwenye utumbo. Wanaokuuliza kwa nini usiwekewe puto, kama lile linalowekwa hospitali ya Mloganzila, waeleze kwamba puto hukaa tumboni miezi kadhaa kisha hutolewa, na uzito unaopungua ni mdogo kuliko wa upasuaji.

Sasa, nini hasa kinakatwa? Slivu huondoa kama robo tatu hadi asilimia 80 ya mfuko wa chakula. Kinachobaki ni mrija wenye umbo la ndizi, unaoingiza kama mililita 100 hadi 150. Utumbo hauguswi. Ile sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini, na ndiyo maana miezi ya mwanzo wengi hawasikii njaa kabisa. Shika mambo matatu: nafasi ni ndogo, njia ni nyembamba, na kengele ya njaa imezimwa. Karibu kila kosa litakalotokea mezani litakuwa limesahau mojawapo ya hayo. Mama mkwe naye mweleze hivyohivyo, kwa upole: tumbo halitupwi lote, linabaki la kutosha kumlisha mtu anayekula polepole.

Upunguze pia matarajio yasiyo na msingi, yako na ya mumeo. Kwa slivu mtu hupoteza takriban asilimia 25 hadi 30 ya uzito wake ndani ya mwaka mmoja au mmoja na nusu. Kwako ni kilo 30 hadi 35. Utafika 83 hadi 88, si 60. Bado utakuwa mama mwenye mwili, ila sukari, magoti na usingizi vitakuwa vya mtu mwingine. Nyumba nyingi hununa mwezi wa kumi na mbili baada ya upasuaji kwa sababu hakuna aliyeyasema haya mwezi wa kwanza.

Tuanze na mumeo, kwa kuwa ukimya wake ndio unaokula muda wako. Usimkisie. Mwanamume anayenyamaza kuhusu jambo hili huwa anaogopa moja kati ya matatu: utafia mezani kwa daktari, pesa zitakwisha, au utapendeza umwache. La tatu halisemwi, lakini lina msingi. Watafiti wa Sweden walichapisha mwaka 2018 uchunguzi wa maelfu ya watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito: waliokuwa na wenzi waliachana zaidi kuliko wasiofanyiwa, na waliokuwa peke yao walipata wenzi zaidi. Sikuelezi haya kukutisha. Nayasema kwa sababu ndoa hubadilika pale mmoja anapobadilika na mwenzake akabaki mtazamaji. Mpeleke kliniki angalau mara moja kabla ya tarehe, akae kwenye kiti, aulize kwa mdomo wake. Kisha mpe kazi iliyo yake. Kazi nzuri ni vidonge: yeye ndiye anayejua vinaisha lini na anayevileta. Kazi mbaya ni uaskari wa sahani. Mume akihesabu matonge ya mkewe, mke huishia kula kwa kificho, na hapo mnapoteza tumbo na maelewano pamoja. Mwambie wazi, kabla hujasafiri: "Nikikosea kula, usiniseme mbele ya watoto wala mbele ya mama. Niulize tukiwa wawili."

Mama mkwe ana haki ya kuelezwa, na anastahili kuelezwa na mwanawe. Neno la upasuaji likitoka kwako litaonekana ni ubishi. Likitoka kwa mwanawe ni taarifa. Wewe kazi yako ni kumwomba msaada, na kwa mama wa Kitanga msaada ni jiko. Mwombe akushikie mapishi wiki nne za kwanza. Iko sababu ya kitabibu pia: harufu ya kitunguu kinachokaangwa au samaki mbichi huweza kukuletea kichefuchefu kikali siku zile, na anayepika hudokoa. Mpe vilevile chakula chako mwenyewe akutengenezee, kwa vipimo. Mama aliyekuwa akikuonyesha mapenzi kwa kukujazia chakula ataona mapenzi yake bado yana pa kwenda ukimwambia, "Mama, choroko zangu zichemshe mpaka zipondeke, uzichuje maganda, nazi usitie."

Chakula cha wiki mbili za mwisho kabla ya upasuaji kina lengo moja: kusinyaza ini. Kwa mwenye uzito na kisukari, ini hujaa mafuta na wanga, na upande wake wa kushoto hulala juu ya tumbo, palepale daktari anapotaka kupita na vyombo vyake. Likiwa kubwa, upasuaji huwa wa hatari au huahirishwa. Kliniki itakupa mpango, kwa kawaida wa kalori 800 hadi 1,200 kwa siku wenye wanga kidogo. Kwa jiko la Tanga siku inaweza kuwa hivi. Asubuhi, mayai mawili ya kuchemsha, tango, na chai kavu isiyo na sukari. Mchana, samaki wa kuchoma au kuchemsha wa ukubwa wa kiganja, kama gramu 120, nusu kikombe cha kunde, na mchicha uliochemshwa bila nazi. Alasiri, mililita 250 za mtindi usiotiwa sukari. Usiku, kuku asiye na ngozi gramu 100, mboga za majani, na robo kikombe cha wali ukitaka. Hapo umepata kama kalori 900 na protini zaidi ya gramu 75. Maji lita mbili. Hakuna chapati, hakuna juisi, hata ya ukwaju ya nyumbani.

Wiki hizo mbili zina hatari ambayo familia haiioni. Glibenclamide husukuma sukari chini uwe umekula au hujala. Ukipunguza wanga ghafla huku unameza dozi ileile, sukari itaanguka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Kabla ya siku ya kwanza ya mpango, muulize daktari dozi ishushwe kwa kiasi gani au iachwe, na upime sukari angalau mara mbili kwa siku. Sukari ikishuka chini ya 4 mmol/L, kunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, pima tena baada ya dakika 15, na mpigie daktari. Mwenye kutumia insulini ajihadhari zaidi. Anayetumia dapagliflozin au empagliflozin amwambie daktari mapema, kwani dawa hizo huachwa siku kadhaa kabla ya upasuaji, na haziendani na chakula chenye wanga kidogo sana.

Wakati huohuo fanyia mazoezi ulaji utakaoishi nao. Tonge la kawaida la ugali ni kubwa kuliko yai la kware. La kwako litakuwa la ukubwa wa punje ya dengu. Tafuna mara 20 hadi 30, mpaka chakula kiwe kama uji mdomoni. Usinywe maji ukila, wala nusu saa baada ya kula. Wiki sita za kujifunza haya ukiwa na tumbo lako la zamani hazina maumivu. Ukiyaanzia kwenye tumbo jipya, kila kosa linatapikwa.

Kuhusu safari: kutoka Tanga hadi Dar ni kama kilomita 350. Panga kukaa Dar kwa ndugu wiki mbili baada ya upasuaji. Mshono wa tumbo ukivuja, mara nyingi hujionyesha ndani ya siku hizo, na ishara zake ni mapigo ya moyo kupita 120 kwa dakika ukiwa umetulia, homa, kupumua kwa shida, maumivu yanayozidi au yanayopanda bega la kushoto. Moja tu ya hizo na ni hospitali usiku huohuo, si kesho. Basi la saa nyingi nalo huweza kugandisha damu miguuni, hivyo siku ya kurudi mtashuka na kutembea kila kituo, na ulizia kama utahitaji sindano za kuzuia damu kuganda.

Sasa chakula chenyewe. Tafuta kikombe kidogo cha kahawa, kile cha barazani. Kinaingiza kama mililita 60, na kitakuwa kipimo chako kwa miezi miwili.

Siku moja au mbili za kwanza ni maji, chai nyepesi na supu iliyochujwa, funda dogo kila dakika chache. Usitumie mrija, kwa kuwa unameza hewa. Kisha mpaka mwisho wa wiki ya pili ni vimiminika vyenye nguvu: maziwa yenye mafuta kidogo, mtindi uliolegezwa, uji mwepesi wa maziwa usio na sukari, supu ya kunde iliyosagwa na kuchujwa. Hapa supu ya mifupa huleta mgogoro katika nyumba nyingi za kwetu. Watu huamini inarudisha nguvu, humnywesha mgonjwa kutwa, na kumbe protini iliyomo ni kidogo mno. Lengo lako ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Nusu lita ya maziwa ina kama 16. Koroga humo vijiko vinne vya mezani vya unga wa maziwa usio na mafuta, unafika 25 hivi. Unga wa protini wa dukani, kipimo kimoja huwa na 20 hadi 25, lakini soma kibandiko uone sukari. Wiki hizi usipofika lengo usijilaumu. Maji ndiyo ya kwanza, lita moja na nusu kwa siku. Wengi wanaorudishwa hospitali mwezi wa kwanza wamerudi kwa kukaukiwa maji, si kwa njaa.

Wiki ya tatu na ya nne ni vya kupondwa: samaki aliyesagwa na mchuzi wake, yai la kuvuruga laini, choroko zisizo na maganda, maziwa mgando, na unga wa dagaa. Huu wa mwisho watu huudharau, ila vijiko viwili vya mezani vya unga wa dagaa wakavu hukupa karibu gramu 9 za protini kwa bei ndogo. Kikombe kimoja cha kahawa kwa mlo, kwa dakika 20, mara nne au tano kwa siku. Wiki ya tano na sita vyakula laini: samaki asiye mkavu, kuku wa kusaga kwenye mchuzi, maharage yaliyoiva sana, boga, parachichi. Kuanzia wiki ya saba au ya nane unarudi kwenye chakula cha nyumbani, kila siku kitu kipya kimoja, asubuhi au mchana, usiku usijaribu. Kipimo hupanda polepole. Mwaka ukifika utakula kikombe kimoja cha kawaida, na hapo ndipo pa kusimama.

Si kila chakula cha kwetu kinapita. Ugali mgumu hufyonza maji na kugandamana. Mkate laini na chapati hugeuka donge. Wali mkavu huvimba. Nyama choma ina nyuzi zisizokatika. Nyuzi za embe na ngozi za chungwa hujikunja. Mrija wa slivu una kona katikati, na donge hukwama hapo. Utasikia kifua kubana, mate mazito yenye povu kujaa mdomoni, halafu unatapika. Dawa si kunywa maji kulisukuma, kwani yatakaa juu yake na kuzidisha maumivu. Acha kula, simama, tembea ukumbini, ngoja. Likikaa saa kadhaa huku hata maji hayapiti, nenda hospitali. Kabla ya hapo mwili hukupa dalili ya kushiba, na kila mtu ana yake: kwikwi moja, chafya, pua kuchuruzika, au uzito chini ya kifua. Ijue ya kwako. Tonge linalofuata baada ya dalili hiyo ndilo litakalotapikwa.

Haya, sinia. Wapo wanaoshauri ule peke yako chumbani mwaka mzima. Mimi sikubaliani nao. Mama anayejitenga na mkeka huanza kuonekana mgonjwa au mwenye maringo, na watoto hujifunza kwamba chakula ni adui. Kaa mkekani na wenzako, mahali pako palepale, ila weka kibakuli chako kidogo mbele yako, kiwe kimejazwa jikoni kabla. Sinia halina mipaka. Macho hayawezi kujua umekula kiasi gani ukichota katikati, na mkono wa mtu mwingine utakusogezea mnofu. Kibakuli kinamaliza hesabu hiyo. Kula kitoweo kwanza, mboga ya pili, wanga mwisho kama nafasi ipo. Anza dakika kumi kabla ya wenzako, ili nao wasimalize wewe ukiwa nusu. Miezi mitatu ya mwanzo tumia kijiko cha chai. Mkono umezoea tonge la zamani na utalikunja bila wewe kufikiri. Baadaye rudi kwenye mkono.

Kwa kukaribishwa ugenini, usiseme "sili". Pokea, onja, sifu, na umalizie kwa maneno ambayo mwenyeji hawezi kuyapinga: "Alhamdulillahi mama, nimeshiba, Mungu akuzidishie." Ukisisitiziwa, omba ufungiwe uende nacho. Harusini na kwenye hitima pilau huja na nyama. Kula nyama laini vipande viwili vitatu, wali ukae.

Hili la kukonda uliandae mapema. Pwani mke akinenepa husemwa mume anamtunza, akikonda haraka husemwa mengi. Mwezi wa nne baada ya upasuaji utakuwa umepungua kama kilo 20, nywele zitaanza kukatika, uso utaingia ndani, na watu wataanza: ana mawazo, anateswa, ana ukimwi. Maneno hayo yatamfikia mumeo sokoni kabla hayajakufikia wewe. Mkubaliane sentensi moja, ya kweli, isiyofungua mlango wa maswali: "Alitibiwa kisukari, tumbo lilipasuliwa, daktari anamfuatilia." Sikushauri uongo, kama kusema ni ngiri au mfumo wa chakula, sababu uongo utahitaji kutetewa kila mlo kwa miaka. Nani aambiwe undani wote ni hiari yenu. Nywele, kwa taarifa yako, hukatika kati ya mwezi wa tatu na wa sita kwa mshtuko wa mwili na upungufu wa protini na madini, na kwa wengi huota tena.

Vidonge ni vya maisha. Kwa kawaida utapewa vitamini mchanganyiko, vitamini B12, D, madini ya chuma na kalsiamu. Mwanamke anayepata hedhi huhitaji miligramu 45 hadi 60 za chuma kwa siku, na kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500 iliyogawanywa mara mbili au tatu. Chuma na kalsiamu visikutane. Viache masaa mawili kati yake, na chuma kisishushiwe kwa chai. Kalsiamu ya sitrati hufyonzwa vizuri zaidi hasa ukiwa unatumia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Ukikosa, ile ya kaboneti inywe na chakula. Kapsuli nyingi hutengenezwa kwa jelatini, na nyingine jelatini hiyo ni ya nguruwe, hivyo muulize mfamasia au chukua za kutafuna. Damu ipimwe mwezi wa 3, wa 6, wa 12 baada ya upasuaji, kisha kila mwaka.

Beba kadi mfukoni, na mumeo awe na nakala. Iandikwe aina ya upasuaji, tarehe, na mistari miwili kwa zahanati yoyote itakayokupokea. Wa kwanza: asipewe diclofenac wala ibuprofen bila daktari wake kujua, kwa hatari ya vidonda, paracetamol inafaa. Wa pili ni mkubwa zaidi: akitapika siku mbili tatu mfululizo, apewe vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi. Mwili uliotapika sana huishiwa B1, na glukosi ikiingia peke yake humaliza iliyobaki; ubongo huumia. Kuona viwili viwili, kuyumba ukitembea, ganzi miguuni baada ya kutapika ni dharura.

Ramadhani ya mwaka wa kwanza usifunge. Piga hesabu mwenyewe. Unahitaji lita moja na nusu ya maji kwa mafunda madogo, jambo linalochukua saa sita saba za kuwa macho, na unahitaji milo minne midogo isiyokutana na maji. Kati ya magharibi na alfajiri, ukilala, muda huo haupo. Ongeza kisukari. Nenda kwa shehe mnayemwamini ukiwa na maelezo ya daktari, ueleze, upate hukumu ya kulipa au vinginevyo. Mama mkwe atalipokea neno la shehe kuliko langu. Mwaka unaofuata, daktari akiridhika na damu yako, funga siku moja uone. Futuru kwa maji kidogo na tende moja, swali, kisha kula protini. Kaimati, tambi na mihogo ya nazi viwe vya watoto. Sukari nyingi kwa mkupuo huweza kukushusha ghafla: moyo kwenda mbio, jasho, kuharisha, kulegea. Walioshonwa baipasi huyapata haya zaidi, lakini wa slivu nao hawajakingwa.

Chumbani kuna mambo mawili. Kwanza, uzazi. Uzito ukishuka, hedhi hurekebika na mimba huingia upesi, hata kwa aliyekuwa akihangaika kupata. Mtoto asubiri miezi 12 hadi 18, mpaka uzito utulie, ili asigombanie chakula na mwili unaojila. Vidonge vya majira havitegemeki ukiwa unatapika. Kijiti au kitanzi ni bora, na vijadili kliniki kabla ya kusafiri. Pili, ngozi. Tumbo, mikono na mapaja vitalegea, na wanawake wengi huanza kuzima taa wakati hasa waume zao wanafurahi. Mweleze kabla, ili akuone ukijificha asidhani umemchoka. Tendo la ndoa kwa kawaida linaruhusiwa vidonda vikipona, wiki ya tatu au ya nne, ukiwa huna maumivu.

Mwaka wa pili njaa hurudi, polepole, na hapo ndipo uzito huanza kupanda kwa waliodhani kazi imekwisha. Adui si sinia tena, ni kudokoa. Vyakula vinavyoteleza havijui kwamba tumbo limekatwa: chai ya maziwa yenye sukari vikombe vitano, visheti, biskuti za watoto, aiskrimu, karanga za kiganja kila upitapo. Mnofu wa samaki hukushibisha, chai ya sukari haikai. Rudi kwenye milo mitatu na vitafunio viwili vya saa maalumu, protini kwanza. Kama unajua hula kwa njaa bali kwa hasira au upweke, andika kwa wiki mbili kuanzia sasa kila ulichokula na kilichokuwa moyoni kabla yake, umpelekee mshauri wa kliniki. Tatizo hilo kisu hakiliondoi. Na kwa wasomaji wengine wanaotumia pombe: utafiti wa Marekani uliochapishwa 2012 ulionyesha matatizo ya ulevi yakiongezeka mwaka wa pili baada ya upasuaji, hasa kwa wa baipasi, maana pombe hupanda kichwani haraka na kwa kiasi kidogo.

Kibakuli na kikombe cha kahawa vinunue wiki hii, uanze kuvitumia mkekani kabla hujasafiri. Utakaporudi kutoka Dar viwe tayari ni vyombo vyako vya kila siku, na watoto wasiwe na kitu kipya cha kuuliza mbele ya wageni watakaokuja kukujulia hali.